Barua kutoka Lowell: Shemeji, utafiti haununuliwi

Shemeji,

Huku Massachusetts majani yameshapukutika, makoti yametoka kabatini, na giza linaingia kabla watu hawajatoka kazini.

Ujumbe wako nimeupata pamoja na lile tangazo. Kampuni inataka dola elfu kadhaa. Kijana wako wa kidato cha tano atapewa mwalimu wa chuo kikuu mtandaoni kwa wiki kumi, na mwisho wa wiki hizo atoke na makala iliyochapishwa jaridani. Unaniuliza kama ndiyo njia ya kumwingiza Harvard. Kabla hujaligusa lile shamba la Soni, nisikilize.

Tangazo halikudanganya kila kitu. Kwa masomo yaliyoanza 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 ikatoa nafasi 1,937. Katika umati huo alama safi hazimtofautishi mtu na mwenzake, kwa hiyo maafisa udahili hutafuta kingine. Mwaka 2018 chuo hicho kilikuwa mahakamani Boston katika kesi ya rangi na udahili, na karatasi zake za ndani zikawekwa hadharani. Humo ilionekana kwamba daraja la juu kabisa la taaluma, namba 1, hutengewa mwanafunzi mwenye matokeo karibu yasiyo na doa, ubunifu usio wa kawaida, na pengine ushahidi wa kazi ya kisomi aliyoifanya kwa kichwa chake. Wazazi wengi wameishika hiyo sehemu ya mwisho, zile mbili za mwanzo wakazisahau. Na penye hofu ya mzazi hapakosi muuzaji.

Mwaka 2023 waandishi wa ProPublica waliianika biashara hiyo: wasomi wanaolipwa kuwaongoza watoto wa sekondari, na majarida yanayochapisha kazi za watoto hao, mengine bila kuchagua sana. Mtoto anatoka na makala yenye kichwa kirefu kuhusu akili unde na saratani. Sasa mwulize kwa nini alichagua njia ile na si nyingine, uone atakavyotazama dari. Afisa udahili naye ameshasoma makala za namna hiyo hadi zimemtoka puani.

Nikupe mfano wa hapa mtaani. Lowell ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani, kando ya mto Merrimack, na Wakenya wamejaa. Kuna binti mmoja, wazazi wake ni watu wa Nakuru. Mama yake hutunza wazee, zamu ya usiku. Nyuma ya nyumba yao kinapita kijito. Theluji ikianguka, malori ya manispaa humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na siku ya pili magari yote yamepauka. Binti akajiuliza: chumvi yote hii inakwenda wapi?

Alinunua kipimo kidogo kama kalamu, kisichofika dola 20, kinachoonyesha jinsi umeme unavyopita majini. Maji yakizidi chumvi, namba inapanda. Akachagua sehemu tatu za kijito: juu ya daraja, chini ya daraja, na penye bomba la maji ya mvua. Nimeiona friji yao kwa macho yangu. Rafu nzima chupa za jamu zilizooshwa, kila moja ina kibandiko chenye tarehe, mahali, saa, na kama mvua ilinyesha, huku mama mtu akilalamika kwamba maji ya mtaroni yamemnyima pa kuweka sukuma wiki.

Januari namba zilipanda kama alivyotegemea. Akasema ifikapo Julai kijito kitakuwa kimesafika. Hakikusafika. Namba zilishuka kidogo, kisha zikagoma. Akaazima kipimo cha shule, jibu likawa lilelile. Ilibidi aende maktaba, akakuta kwamba chumvi huzama ardhini pamoja na maji, hukaa huko chini, halafu huvujia kijitoni taratibu hata wakati wa joto. Kwa wataalamu wa maji hilo si geni. Kwake lilikuwa geni, na insha yake ya maombi iliihusu hiyo Julai: alivyoshuku kipimo, akashuku chupa, mwishowe akashuku wazo lake mwenyewe. Hakuchapisha popote. Vyuo viwili vyenye majina vilimkataa, cha tatu kikamchukua kwa ufadhili kamili.

Uzuri wa kazi kama hiyo ni kwamba inaenea kwenye fomu. Common App, fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi kumi tu za shughuli za mwanafunzi, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Insha kuu mwisho maneno 650. Ukurasa huo hauna pa kumwaga istilahi. “Nilipima chumvi ya kijito mwaka mzima, sehemu tatu” inatosha na inaeleweka. MIT ina mahali pa pekee pa kuwasilisha utafiti kwa anayetaka, lakini hata huko wanataka kujua wewe ulifanya kipi na aliyekusimamia alifanya kipi. Kisha inakuja barua ya mwalimu. Mwalimu aliyemwona mtoto akirudi na chupa kwenye mvua ana la kuandika; yule wa mtandaoni anayelipwa kwa saa ataandika nini?

Uingereza nako mambo hayako mbali na hayo. Shule nyingi za huko zina mradi unaoitwa EPQ, wenye thamani ya nusu ya somo moja la A-level: mwanafunzi anachagua swali, anaandika maneno kama 5,000 au anatengeneza kitu, anajaza kumbukumbu za hatua zote, kisha anasimama mbele ya watu kueleza. Anayeomba Oxford au Cambridge mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, na akiitwa kwenye usaili ategemee kuulizwa hadi pale asipojua.

Lakini shemeji, wewe mtu wa Lushoto ndiye wa kuniuliza mimi habari hizi? Mwaka 1963, hapo Magamba sekondari, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu, na nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Mwenzake akaweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likacheka. Yeye akaingia maabara ya biolojia akajaribu tena kwa maji matupu. Siku Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, akamtupia swali lilelile mbele ya wenzake. Osborne akarudi Dar akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli, na jina la Mpemba limo katika ubishi wote.

Kijana wako ana swali la namna hiyo mlangoni. Nyanya za Lushoto zinashuka masoko ya Dar es Salaam kila siku. Ngapi zinaoza njiani? Tenga na kreti la plastiki vinatofautiana kiasi gani? Za chini ya lori na za juu je? Anahitaji mizani, daftari, na shangazi yake anayepakia nyanya hizo. Asihesabu mara moja akaridhika. Ahesabu safari nyingi, aandike na siku ambazo majibu yalimkera. Akitaka kuwahoji madereva na wachuuzi, mwalimu wake apitie kwanza maswali na njia ya kuomba ridhaa, maana mashindano makubwa ya kimataifa hudai kazi inayohusu watu iidhinishwe kabla haijaanza. Akimaliza aipeleke kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland. Huko majaji watamwuliza uso kwa uso, na hayo ni mazoezi ambayo tangazo lako haliuzi.

Usimwambie, hata hivyo, kwamba nyanya zitafidia hesabu. Matokeo ya kidato cha nne na mtihani wa SAT pale unapodaiwa vinatazamwa kwanza. Na kwa mfuko wetu, orodha ya vyuo ni muhimu kuliko mradi wowote: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hazimwangalii mwanafunzi wa kigeni uwezo wake wa kulipa wakati wa kumdahili, na akipita humfidia pengo lote la ada. Vyuo vingi vingine huangalia, tena sana.

Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Kwa wengi wanaoomba mapema mwisho ni 1 Novemba, kwa waliobaki mwanzoni mwa Januari. Maana yake kijana ana likizo ya Desemba na ya Juni tu kabla hajaketi kujaza fomu. Aanze Desemba hii. Hela ya mizani na nauli ya kushuka Dar nitatuma mimi. Kwa lile tangazo sitoi hata senti.

Shemeji yako,
Lowell, Massachusetts