Meli Haingoji Sanduku: Habari za Bandari ya Barcelona

Juu ya kilima cha Montjuïc, katika mji wa Barcelona nchini Hispania, iko ngome ya kale inayotazama bahari. Mtu akisimama ukutani pa ngome hiyo wakati wa asubuhi, huiona bandari yote chini yake kama ramani iliyotandazwa mezani. Upande mmoja yamepangwa makasha ya chuma ya bidhaa, hata jicho huchoka kuyahesabu. Upande wa pili, kwenye gati refu liitwalo Moll Adossat, zimefungwa meli nyeupe za abiria, na kila moja ni ndefu na ya ghorofa nyingi, hata mgeni angedhani ni mtaa wa mji uliosogezwa majini.

Meli hizo hazichukui watu kuwapeleka nchi ya mbali na kuwaacha huko, kama zilivyofanya merikebu za zamani. Hizi ni meli za matembezi. Abiria hulala na kula humo humo, na kila siku au kila siku ya pili meli hutia nanga katika bandari nyingine, watu wakashuka kutazama mji na kurudi jioni. Katika Bahari ya Mediterania hakuna bandari ya matembezi ya namna hii iliyo kubwa kuliko Barcelona. Mwaka 2024 walipita hapo abiria zaidi ya milioni tatu na nusu. Wingi huo umewachosha wenyeji wengi, na mwezi wa Julai 2025 wakuu wa mji na wa bandari walipatana kupunguza majumba ya kupokelea abiria kutoka saba hata matano ifikapo mwaka 2030.

Mji wenyewe wastahili kutazamwa. Kutoka uwanja wa Plaça de Catalunya huteremka njia pana yenye miti, iitwayo La Rambla, ambayo urefu wake wapita kilomita moja kidogo. Kando yake liko soko la Boqueria, ambamo matunda, samaki na nyama hupangwa kwa ustadi hata mkulima wa Kenya angesimama kustaajabu. Mwisho wa njia hiyo, karibu na maji, umesimama mnara wa Kristofa Kolombo, uliojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya mwaka 1888. Urefu wake ni mita 60, na ndani yake mna lifti. Kutoka hapo basi huwachukua wasafiri, likavuka daraja na kuwafikisha garini kwenye meli.

Lakini wasafiri wengi hawafiki Barcelona kwa bahari. Hufika kwa ndege, katika uwanja wa El Prat ulio kusini-magharibi ya mji, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Basi hapo ndipo penye shida ambayo watu hawaifikiri mpaka iwapate. Ndege ikichelewa, iko nyingine kesho yake. Treni ikikosa, mtu hungoja. Bali meli ya matembezi ina saa yake. Ikiwa imeandikwa kuondoka saa kumi na moja jioni, mlango wa abiria hufungwa mapema kuliko hapo, na kamba zikisha kufunguliwa hairudi nyuma kwa ajili ya mtu, sembuse kwa ajili ya sanduku lake.

Mfano mmoja utaeleza jambo hili vizuri zaidi. Msomaji na amfikirie mwalimu mmoja aliyestaafu, mtu wa milimani nchini Kenya, ambaye mtoto wake afanyaye kazi Ulaya amemlipia yeye na mkewe safari ya siku saba baharini. Meli yaondoka Barcelona siku ya Jumamosi. Mkewe, aliye mwangalifu, alishikilia kwamba wafike Ijumaa asubuhi, ingawa mumewe alinung'unika kwa sababu ya gharama ya kulala hotelini usiku mmoja. Kutoka Nairobi walipanda ndege ya kwanza, na katika mji mmoja wa Ulaya iliwapasa kubadili. Ndege ya kwanza ilichelewa saa nzima. Wazee hao walikimbia kadiri walivyoweza, wakaiwahi ile ya pili. Lakini sanduku halina miguu. Lilibaki nyuma.

Huko El Prat walisimama kando ya mkanda unaozungusha mizigo, wakatazama masanduku ya wengine yakipita na kuchukuliwa, mpaka mkanda ukasimama mtupu.

"Mama, dawa zangu zimo ndani ya sanduku," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo. Dawa hizo zilikuwa za shinikizo la damu, naye alikuwa ameamriwa azitumie kila siku bila kukosa.

"Zangu ninazo mkononi, Mwalimu," akajibu mkewe, "na cheti chako cha hospitali nilikitia mkobani pamoja na pasipoti. Twende kwa karani wa mizigo kwanza, kabla hatujatoka katika mlango ule."

Neno hilo la mwisho lilikuwa la akili sana. Wasafiri wengi kwa hasira au uchovu hutoka uwanjani wakidhani watapiga simu baadaye. Yafaa mtu aende papo hapo kwenye ofisi ya mizigo, aonyeshe kile kikaratasi chenye tarakimu alichopewa alipokabidhi sanduku, na asiondoke mpaka amepewa taarifa iliyoandikwa yenye namba yake. Namba hiyo ndiyo itakayotumika kulitafuta sanduku katika vitabu vya kompyuta vya viwanja vya ndege duniani kote. Msafiri wa meli ana jambo moja zaidi la kuandikisha. Haitoshi kutaja hoteli, kwa sababu kesho hatakuwapo. Hana budi kumpa karani jina la meli, namba ya chumba chake, orodha ya bandari zote na tarehe zake, na jina na simu ya wakala wa meli katika kila bandari. Habari za mawakala hao kampuni ya meli humpa abiria akiuliza.

Mke wa Mwalimu alikuwa na orodha hiyo: Jumapili Marseille, Jumatatu Genoa, Jumanne Civitavecchia, ambayo ni bandari ya mji wa Roma. Karani alitaka kuandika Marseille. Mama akamwomba aandike Civitavecchia. Mwalimu alishangaa, maana alitaka sanduku lake upesi iwezekanavyo. Lakini hesabu ya mkewe ilikuwa sahihi. Sanduku likifika Barcelona Jumamosi usiku, meli imekwisha ondoka. Likipelekwa Marseille Jumapili, huenda likafika jioni na kukuta meli imeng'oa nanga, kisha Genoa vivyo hivyo, likawa linaifuata meli pwani nzima kama mbwa afuataye gari. Yafaa zaidi sanduku litangulie katika bandari ya mbali kidogo, limngojee mwenyewe huko.

Ijumaa iliyobaki ikawa siku ya kazi. Katika miji ya Hispania duka la dawa hutambulikana kwa msalaba wa kijani unaowaka mlangoni. Mfamasia alisoma cheti cha hospitali, na kwa kuwa jina la dawa yenyewe lilikuwa limeandikwa, wala si jina la biashara tu, aliielewa mara moja. Lakini alisema hana ruhusa kuitoa pasipo cheti cha daktari wa huko. Wakaenda kwa daktari, wakangoja, wakalipa, wakarudi. Jua lilikuwa limeshuka dawa ilipopatikana. Kama wangalifika Jumamosi yenyewe, Mwalimu angalikuwa na njia mbili tu: kuingia melini bila dawa na kumtegemea daktari wa meli, ambaye malipo yake si madogo, au kubaki gatini na kuitazama meli ikienda. Basi ile gharama ya hoteli aliyoinung'unikia ndiyo iliyonunua siku hiyo moja.

Jumamosi asubuhi walinunua nguo chache karibu na Plaça de Catalunya: mashati mawili, gauni moja, nguo za ndani, miswaki. Ilikuwa bahati kwamba haikuwa Jumapili, maana Jumapili nyingi za mwaka maduka makubwa ya mji huo hufungwa. Kila kitu walichonunua, Mama alitunza stakabadhi yake katika bahasha.

Gatini mahamali walipokea mizigo ya wengine, wakaibandika vibandiko vya vyumba. Mizigo hiyo nayo haimfikii abiria mara moja, bali huletwa mlangoni pa chumba chake saa nyingi baadaye. Kwa hiyo mtu aliyetia pasipoti yake ndani ya sanduku hupata taabu hata kama sanduku halikupotea, kwa kuwa pasipoti na viza hutakiwa kwanza, mezani pa kuingilia. Wazee wetu walipita na mfuko mmoja mdogo. Jioni moja abiria walialikwa kula wakiwa wamevaa vizuri. Mwalimu alikuwa amesafiri na koti lake la suti mwilini, kama walivyozoea watu wa rika lake, akaketi mezani bila haya.

Siku ya Jumanne, huko Civitavecchia, wakala wa meli alilileta sanduku. Mama alipolifungua aliona kwamba nguo nyingi alizozipanga kwa siku mbili nyumbani hazikuhitajiwa hata kidogo. Kitu kilichokuwa na thamani humo kilikuwa kile kichupa cha dawa, nacho ndicho ambacho hakikupasa kuwamo.

Wazee wa zamani walilijua jambo hili. Katika miaka ya 1950, meli za British India ziitwazo Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952, zilikuwa zikienda Uingereza kutoka Kilindini kwa njia ya Suez. Abiria wa Nairobi walishuka Mombasa kwa gari la moshi, na masanduku yao yalibandikwa vibandiko vya namna tatu. Kimoja kilisema kwamba mzigo ni wa chumbani. Cha pili kilisema kwamba mzigo utahitajiwa safarini, uwekwe mahali unapofikika. Cha tatu kilisema kwamba hautahitajiwa mpaka mwisho, ukatiwa chini kabisa. Kwa hiyo kila msafiri alilazimika kuketi na kujiuliza: kitu gani sitaweza kukaa bila hicho? Siku hizi za ndege hakuna amwulizaye mtu swali hilo, lakini jawabu lingali lile lile. Pasipoti, tikiti, fedha, dawa za safari nzima na cheti chake, miwani, na nguo za kubadili siku moja au mbili, hivyo ni vya mkononi. Sheria ya vitu vya majimaji ndani ya ndege haizuii dawa ambazo msafiri anazihitaji.

Haki ya msafiri nayo haikusahauliwa. Mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, ambayo Kenya imo, yasema kwamba kampuni ya ndege hulipa hasara iliyotokana na mzigo kuchelewa au kupotea, ila ikiwa katika kuchelewa ilifanya yote yapasayo kuzuia hasara hiyo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kipeo cha malipo kwa abiria mmoja ni SDR 1,519, yaani kwa hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo ni kama dola 2,000 za Marekani. Mzigo uliochelewa, malalamiko yaandikwe kabla ya siku 21 kupita tangu ulipopokewa. Ulioharibika, kabla ya siku saba. Mzigo usiofika baada ya siku 21, mwenyewe aweza kuudai kama uliopotea. Hapo ndipo bahasha ya stakabadhi inapopata kazi yake, maana dai lisilo na karatasi ni maneno matupu.

Haifai mtu kuogopa kusafiri kwa ajili ya mambo haya. Kwa hesabu za shirika la SITA, mwaka 2007 mizigo karibu 19 ilikosewa kwa kila abiria 1,000 wa ndege duniani. Mwaka 2024 ilikuwa kama sita tu, na iliyo mingi kati yake ilichelewa, haikupotea. Lakini mtu hajui kama yeye ni mmoja wa hao sita au la.

Jioni, kutoka ngome ya Montjuïc, meli huonekana zikitoka moja moja, taa zake zikiwaka, kila moja kwa saa yake. Ndani yake wamo watu waliokuja na masanduku manne na watu waliokuja na mfuko mmoja, nao wote watazama bahari ile ile. Aliyeachwa gatini ni yule aliyetia sandukuni kitu asichoweza kukaa bila hicho, akafika siku ile ile ya safari. Tahadhari kabla ya hatari.