Kura Kumi na Mbili

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno haya huambiwa wacheza bao barazani na mabaharia waliopitwa katika resi za ngalawa. Wenye dola huambiwa kwa nadra, ilhali wao ndio wanaoyahitaji zaidi.

Katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Senegali, vipo visiwa 10 vya Cabo Verde. Mvua ni adimu. Ukame na njaa ya miaka ya 1940 viliua maelfu, na wana wake wengi wametawanyika ughaibuni. Huko ushairi uliitangulia siasa. Mwaka 1936, mjini Mindelo, Jorge Barbosa, Baltasar Lopes na Manuel Lopes walianzisha jarida la Claridade, wakaandika habari za visiwa vyao wenyewe. Amílcar Cabral naye alitunga mashairi ujanani, kabla ya kuongoza vita dhidi ya utawala wa Ureno. Aliuawa Januari 1973, asiuone uhuru wa Julai 5, 1975.

Wenziwe walishika hatamu kwa chama kimoja. Mwaka 1990 chama hicho chenyewe, PAICV, kikafuta kifungu cha katiba kilichokipa uongozi wa pekee wa taifa. Januari 1991 kikaambulia viti 23 kati ya 79. Mwezi uliofuata Rais Aristides Pereira, mpigania uhuru aliyetawala tangu siku ya kwanza, akashindwa na António Mascarenhas Monteiro. Angeweza kudai kwamba nchi ni jasho lake. Akakabidhi madaraka.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja baada ya miaka 10. Mwaka 1991 Carlos Veiga alikuwa amemng'oa Pedro Pires katika uwaziri mkuu. Februari 2001 wakakutana tena, safari hii wakiwania urais, na Pires akashinda kwa kura 12. Watu 12 hawajazi hata daladala moja! Ukoo mmoja tu ungeghairi kwenda kituoni, huenda nchi ingempata rais mwingine. Hata hivyo Pires aliapishwa kwa amani. Veiga akagombea tena 2006, akashindwa na Pires yule yule; akarudi 2021, akashindwa na José Maria Neves.

Nini humrudisha mtu uwanjani baada ya uchungu wa namna hiyo? Ni kuamini kwamba mlango haukutiwa komeo. PAICV iliyoangushwa 1991 ilirudi serikalini 2001. Wapinzani wake nao wakarudi 2016.

Kwa hiyo methali ile ina nusu ya pili isiyotamkwa: aliyeshinda naye asiubomoe uwanja. Aliyeshindwa hawezi kudaiwa uungwana na mtu aliyeficha kete. Bao huchezwa tena kesho kwa sababu usiku, mchezo ukishakwisha, kete zote hurejeshwa mashimoni, za mshindi na za mshindwa, sawa kwa sawa.