Punje za Ndege Asiyeweza Kuchagua



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo mno, nalo ni ununuzi wa punje za kulishia ndege wafugwao tunduni. Wanaofika nyumba ya mapadre wanawafahamu wale finchi sita wa barazani, wenye midomo myekundu na sauti kama ya tarumbeta ya kitoto. Aliniachia mwalimu mmoja mstaafu alipohamia kwa binti yake mjini. Asili ya ndege hawa ni nyika kame za Australia, nao ni wa ukoo mmoja na mishigi wa kwetu. Hata hivyo, wamezaliwa tunduni kwa vizazi vingi, tangu wafugaji wa Ulaya walipoanza kuwazalisha katika karne ya 19. Kuwafungulia mlango leo si kuwapa uhuru, bali ni kuwakabidhi kwa kipanga na njaa.

Finchi mmoja ana uzito wa gramu 12 hivi, na chakula chake cha siku hakizidi sana kijiko kimoja cha chai. Mtu aweza kudhani kwamba kiumbe kilacho kiasi hicho hakihitaji uangalifu. Ukweli ni kinyume chake, kwa maana mwili mdogo hudhuriwa na sumu kidogo. Tena ndege wa porini akikuta punje mbovu hurukia shina jingine, ambapo wa tunduni hula alichowekewa au hulala njaa. Haki ya kuchagua, ambayo ndege wengine wote wanayo, amenyang'anywa yeye na kukabidhiwa mnunuzi. Basi mnunuzi hana budi kuitumia vema.

Punje njema hutambulikaje? Kwanza kwa macho: ziwe safi, zenye mng'ao, zisizo na vumbi, utando wa nondo wala matundu ya wadudu. Pili kwa pua: nafaka nzuri hunukia kama majani makavu, lakini iliyopata unyevu hutoa harufu ya uvundo. Tatu, na hili ndilo jaribio nilipendalo zaidi, ni kwa kuziotesha. Hesabu punje 100, zitandaze juu ya kitambaa chenye maji, zifunike, uzinyunyizie maji kila siku kwa muda wa siku tano au sita. Zikichipua zaidi ya 80, umenunua chakula chenye uhai. Zikichipua chache, jua kwamba zimekaa ghalani muda mrefu au zimeharibiwa kwa joto na unyevu.

Aina nayo ni muhimu. Finchi hupenda punje ndogo za jamii ya nyasi, kama mawele na ulezi, pamoja na mbegu za kanari, ambazo kwa wingi hulimwa Kanada. Mchanganyiko uliojazwa alizeti na mahindi yaliyovunjwa hupendeza macho ya mnunuzi, lakini mdomo wa finchi hauwezi kuvumilia kazi hiyo. Wala punje peke yake hazitoshi. Ndege huhitaji pia majani mabichi yaliyooshwa, na chokaa itokayo katika maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, au katika lile gamba jeupe la ngisi ambalo watu wa pwani huliokota ufukoni. Kila asubuhi makapi yapulizwe, kwa sababu ndege humenya punje na kuacha maganda chomboni. Chombo huonekana kimejaa, kumbe ndani yake hamna chakula.

Onyo moja ni la lazima. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi hutiwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani ili zitambulike, zisilishwe ndege kamwe, hata zikioshwa. Muuzaji na aulizwe wazi iwapo nafaka yake imechanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu.

Miezi michache iliyopita nilikwenda sokoni kununua mawele. Mfanyabiashara alinifungulia gunia la bei nafuu. Nikachota konzi moja, nikanusa, nikairudisha, kwa maana ilikuwa na uvundo na punje nyingine zilikuwa na vumbi la kijivu. Akaniambia kwa upole, "Baba, hii ni ya ndege tu, watakula." Nilipokataa, mama mmoja aliyesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni aliuliza kama angepewa gunia hilohilo kwa bei hiyohiyo, kilo mbili, kwa ajili ya uji.

Nilimwomba anuse kwanza. Alinusa, akanyamaza. Mfanyabiashara naye akatueleza kwamba gunia lilinyeshewa na mvua garini, na kwamba alilinunua kwa fedha ya mkopo. Yule mama alinunua kilo moja ya mawele mazuri badala ya kilo mbili mabovu, akaondoka akihesabu chenji. Sikuwa na jibu la hasara ya yule muuzaji, wala la ile kilo moja iliyopungua nyumbani kwa yule mama, na mambo yote mawili yamenisumbua tangu siku ile.

Hofu yangu haikuwa ya bure. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ukafikia mashudu ya karanga waliyokuwa wamelishwa. Hivyo ndivyo wanasayansi walivyoigundua sumukuvu, itokanayo na kuvu waotao katika nafaka na karanga zenye unyevu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 wenzetu wapatao 20 walifariki katika maeneo ya Dodoma na Manyara. Mapishi ya kawaida hayaiondoi. Ndege waliwahi kutuonya, nasi twafanya vibaya kuliita gunia bovu "chakula cha ndege", kana kwamba jina hilo hulisafisha.

Ndugu msomaji, tundu si la waya pekee. Mwenye fedha kidogo naye hula alichowekewa, na bei huweza kumfungia kama waya umfungiavyo finchi. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kuchagua asichague kwa ajili yake mwenyewe tu. Anuse, aulize, akatae waziwazi, ili aliye nyuma yake asikie. Ukinunua punje njema, zikaushe vema, uziweke katika debe lenye mfuniko uliobana, mahali pakavu, nawe ununue za mwezi mmoja tu. Na wale wenye maghala makavu hapa kijijini wafikirie kuwakaribisha wasio nayo kabla ya mvua za masika, maana gunia lililohifadhiwa vizuri humwokoa muuzaji, mama na ndege kwa pamoja.

Nawatakia juma jema.