Ndege Niliyempa Jina la Mwenzake

Wahenga walisema, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wasomaji wapenzi, mimi niliyaona hapahapa Kinango, nyuma ya jiko letu.

Nilikuwa naosha sufuria Jumamosi moja nilipomwona ndege mdogo asiyejaa kiganja, mdomo umepinda kama sindano ya magunia. Alitua kwenye ua la mshubiri, akawa ananyonya. Moyo ulinidunda. Nilikumbuka hadithi ya ndege mvumaji aliyebeba matone ya maji kuuzima moto wa msitu, hadithi aliyopenda kuisimulia marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Jumatatu nikatangaza darasani, "Nimemwona!"

Mwalimu wa Bayolojia akatabasamu. Ati ndege wavumaji wako zaidi ya aina 300, wote wa bara la Amerika, Afrika hakuna hata mmoja. Darasa likaangua kicheko!

"Alikuwa akielea hewani au alitua?"

"Alitua, mwalimu."

"Basi huyo ni chozi. Wote hunyonya maua, ndiyo maana wanafanana, lakini si ndugu. Nenda ukamtazame vizuri."

Nikamtazama, daftari mkononi. Mgongo kijani cha kumetameta, kifuani utepe wa zambarau, chini yake damu ya mzee, tumbo jeusi. Kitabu cha maktaba kikanipa jina lake la kitaalamu: Cinnyris bifasciatus. Kulikuwa na mwingine wa kijivu, tumbo manjano hafifu. Huyo nilimwandika "aina ya pili", wala sikumjali.

Siku moja mama akanituma kufagia uani. Kwenye mlimau palining'inia takataka, majani makavu yaliyoshikana kwa utando wa buibui. Nikaipiga ufagio. Lo! Mayai mawili yakapasuka miguuni pangu. Yule wa kijivu akaja mbio, akawa anaruka tawi hadi tawi akilia.

Kumbe ndiye jike! Kwa machozi hawa, dume hung'aa, lakini jike ndiye ajengaye kiota na kuatamia.

"Mbona umeduwaa, mwanangu?" mama akauliza. Sikuwa na jibu.

Jioni nilifuta "aina ya pili", nikaandika "jike". Mayai sikuweza kuyarudisha. Wenzangu, mkikuta takataka inaning'inia mtini, msiifagie kwanza. Chungulieni ubavuni kama ina mlango.