Fomu Niliyoijaza kwa Mkono Wangu

Pengine wewe unayesoma una kazi isiyo na msimamizi karibu, ukaanza kuruka hatua moja, kisha ya pili. Mimi nilikuwa hapo hapo.

Nilifika California kutoka Tanga mwaka 1998, nikapata kazi katika kampuni ya kupima uchafuzi wa ardhi. Jimbo zima lilikuwa na hofu. Petroli ilitiwa kemikali iitwayo MTBE ili iungue vizuri na kupunguza moshi mchafu mijini. Lakini matangi ya chini ya ardhi yalikuwa yanavuja. Viambato vingine vingi vya petroli hunasa zaidi kwenye udongo. MTBE huyeyuka kwenye maji na kusafiri nayo, na vijidudu vya ardhini huchelewa sana kuimaliza. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica ulifunga visima vyake vingi, ukapoteza karibu nusu ya maji yake. Haya yote niliambiwa siku ya kwanza. Yaliingia sikio moja, yakatokea la pili.

Nilizunguka vituo vya mafuta nikichukua sampuli kwenye visima vya uchunguzi, yaani mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini karibu na matangi. Maji yaliyolala ndani ya bomba hayaaminiki, kwa sababu kemikali imeshaanza kupotea hewani. Sharti uyatoe kwanza, mara tatu ya ujazo wa kisima, maji mapya yaingie, ndipo ujaze vichupa. Kwa kisima kirefu hiyo ni kazi ya ndoo baada ya ndoo. Mimi nilitoa ndoo moja, nikaandika kwenye fomu kwamba nimetoa zote. Nilikuwa na kibarua kingine usiku, nimechoka. Lakini uchovu haukujaza ile fomu. Niliijaza mimi.

Majibu ya maabara yakarudi: MTBE haikuonekana. Nilifurahi.

Jirani na kituo kimoja aliishi bibi mmoja aliyekunywa maji ya kisima chake mwenyewe. Mara mbili alinifuata kwenye uzio kuniambia maji yake yananuka tapentaini. Mara zote mbili nilimjibu kwamba maabara imesema hakuna kitu. Kiangazi cha mwaka 2000 aliniona nikitoka jasho, akaniletea maji kwenye glasi. Yalikuwa maangavu kabisa. Nilipoyasogeza mdomoni ikanijia harufu ile ile ya mafundi rangi. Nyuma yake, mlangoni, mjukuu wake alikuwa anakunywa kikombe chake hadi tone la mwisho.

Sikunywa. Wala sikumwambia kwa nini.

Siku tatu usingizi ulinipaa. Nilisali sala ninayoionea aibu hadi leo: nilimwomba Mungu anipe namna ya kurekebisha bila mtu yeyote kujua. Siku ya nne niliingia kwa bosi, nikaweka zile fomu mezani na kumwonyesha za uongo, moja moja. Nilitegemea kufukuzwa, na ndicho nilichostahili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho alfajiri tunarudi sote wawili." Siku hiyo hiyo akawapigia wasimamizi wa maji kuwaambia ripoti zetu si sahihi, na bibi akapelekewa maji ya chupa.

Kesho yake tulitoa maji mpaka viganja vikachubuka. Alinifundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kichupa ni cha mililita 40, chenye matone ya asidi ndani. Unakijaza taratibu hadi maji yavimbe juu ya mdomo wake, unafunga, unakigeuza kichwa chini, unakigonga kwa kidole. Kiputo kikipanda, kiweke kando uchukue kingine, maana kemikali hukimbilia kwenye hewa ile. Kisha vichupa vinalazwa kwenye deli la barafu, pamoja na kimoja cha maji safi kilichotoka maabara kimefungwa, ili ijulikane kama uchafu umeingia njiani.

Safari hii majibu yalipita kiwango cha California cha mikrogramu 13 kwa lita, kituoni na kwa bibi pia. Kisima chake kilifungwa, akaunganishiwa bomba la mji. Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Aliniuliza ni kwa muda gani. Nikamwambia: mwaka mzima. Aliinamisha kichwa. Kisha akavuta kiti, akanionyesha nikae.

Sikufukuzwa. Nilikalia kiti kile, nikabaki na kazi ile, na vyote viwili sikuvistahili.

Tamaa ya njia ya mkato haikunitoka siku hiyo. Mwisho wa mwaka 2003 California iliiondoa MTBE kwenye petroli, ila iliyokuwa imeshazama ardhini iliendelea kusafiri, nasi tuliendelea kuifuata. Jioni moja ya baridi, kwenye kisima cha mwisho, niligeuza kichupa nikakigonga. Kiputo kikapanda, kidogo kama punje ya ulezi. Hakukuwa na mtu. Gari lilikuwa linanguruma, vidole vimekufa ganzi. Nilikitazama kitambo, kisha nikafungua deli kutafuta kichupa kingine.