Raundi ya 62
Washikaji wa kijiweni wananishangaa: mtu mzima, mwandishi wa habari, nakesha kufuatilia vijana wa besiboli wa Pittsburgh Pirates ambao hata ligi kuu hawajafika.

Alinivuta Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Walimsajili 2008, akasota ligi ndogo miaka yote hiyo. Aprili 26, 2017 ndipo akaitwa ligi kuu, wa kwanza kutoka bara letu. Mara yake ya kwanza kushika gongo, akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza.

Wengine hawasubiri. Paul Skenes, chaguo la kwanza la 2023, alipanda kabla mwaka haujaisha. Mike Piazza naye Dodgers walimchukua raundi ya 62, mwaka 1988. Leo yumo kwenye Jumba la Heshima. Ila tangu 2021 raundi zimebaki 20. Kijana kama yeye sasa jina lake lisingetajwa kabisa.

Mimi nina miaka saba ya kulipwa kwa habari moja moja, ajira bado. Ngoepe alisubiri tisa. Kila mwisho wa mwezi nazihesabu upya.