Githeri ya Jumatano

Kanisani kwetu Kangemi, Nairobi, ushuhuda una kanuni zake. Unasimama, unasema Bwana asifiwe, unataja shimo ulilotumbukia, unamtaja aliyekutoa, unaketi. Dakika tatu zikipita, mwongozaji wa ibada anaanza kukohoa. Nimewahi kusimama pale na watu wakapiga makofi. Lakini dakika tatu hazitoshi kutaja nauli ya matatu, mashine ya fotokopi, na wanawake waliopanga foleni mjini kwa niaba yangu wakati ambapo wao wenyewe hawakuwa na mshahara. Mungu simnyang'anyi sifa zake. Ninachotaka kueleza ni njia aliyoipitia, na njia hiyo ilikuwa darasa la wasichana waliomaliza kidato cha nne mwaka wa 2009 katika shule ya bweni upande wa Kikuyu.

Niliondoka mapema 2019. Serikali ilikuwa imesimamisha safari za wafanyakazi kwenda Mashariki ya Kati mwaka wa 2014 baada ya visa vya mateso, ikaziruhusu tena 2017 kwa masharti ya usajili wa mawakala na mafunzo. Kufikia zamu yangu, ngazi za majengo kati ya Tom Mboya na River Road zilikuwa zimejaa mabango ya kazi za Ghuba, na Lebanon, ambayo hata si Ghuba, ilikuwa ikiuzwa humo humo. Niliahidiwa mshahara wa dola. Habari za kafala sikuambiwa. Kwa utaratibu huo, kibali chako cha kuishi kinafungwa kwa mwajiri mmoja, kafili wako. Ukitoka kwake bila ridhaa yake unakuwa mhalifu wa makaratasi hata kama hukuiba sindano. Pasipoti yangu aliichukua siku niliyofika Beirut, akaifungia kabatini pamoja na dhahabu ya mkewe.

Hakuwa mtu mbaya sana. Ninasema hivyo kwa sababu hadithi za kadama, mtumishi wa nyumbani kama mimi, hupendwa zikiwa na shetani ndani yake, na yangu ilikuwa na mhasibu mstaafu aliyekuwa akililia akiba yake. Lira ya Lebanon ilikuwa imeshikiliwa kwenye takriban 1,500 kwa dola tangu 1997. Maandamano ya Oktoba 2019 yalipoanza, benki zilifunga milango, na zilipofungua tena ziliwapimia wateja pesa zao wenyewe kama dawa ya kikohozi. Katikati ya 2020 dola moja ilikuwa ikiuzwa barabarani kwa zaidi ya lira 7,000. Mshahara wangu uligeuka lira, kisha ukawa nusu, kisha ukawa ahadi. Uwanja wa ndege ulifungwa Machi kwa sababu ya korona na ukafunguliwa tarehe 1 Julai, lakini tiketi angeinunua nani?

Tarehe 4 Agosti, baada tu ya saa kumi na mbili jioni, tani 2,750 za amonia nitrati zilizowekwa bandarini kwa miaka zililipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kuhusu mlipuko wenyewe sina mengi ya kusimulia: nilikuwa bafuni nikisugua sakafu, na ukuta usio na dirisha ndio ulionikinga. Wiki hiyo familia ilihamia milimani kwa shemeji yao. Mimi nilipelekwa kwenye fleti ya wakala wa huko: vyumba viwili, wanawake wa Kenya na Ethiopia wamelala ubavu kwa ubavu, mlango unafungwa kwa nje, simu zote zimechukuliwa.

Baada ya siku kadhaa msimamizi aliruhusu kila mmoja apige simu moja nyumbani ili jamaa zetu waache kusumbua. Spika iwe wazi, na kando aketi Mkenya mwenzetu aliyewekwa pale kusikiliza Kiswahili. (Sikumchukia. Naye alikuwa akiingojea pasipoti yake.) Namba niliyoikumbuka kichwani haikuwa ya mama, anayebadilisha laini kila akipoteza simu. Ilikuwa ya aliyekuwa mpiga kengele wetu shuleni, ambaye ana laini ile ile tangu tumalize.

Akaniuliza kama ninakula vizuri.

"Vizuri sana," nikasema. "Chakula ni kama githeri ya Jumatano."

Msikilizaji akatikisa kichwa, ameridhika. Angejuaje kwamba githeri ya Jumatano ndiyo iliyotutia kwenye mgomo tukiwa kidato cha tatu, githeri yenye wadudu wengi kuliko maharagwe? Mpiga kengele akanyamaza kidogo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayepiga soga, akauliza kama ninalala bweni la mbele au la nyuma. La nyuma ndilo lililofungwa kwa kufuli usiku.

"La nyuma."

"Mko wengi?"

"Kama siku ya kutembelewa."

Simu ikakatwa. Usiku ule ule, kundi letu la WhatsApp, ambalo kazi yake ilikuwa picha za harusi na mabishano kuhusu wachungaji, likageuka ofisi.

Mazungumzo hayo niliyasoma yote baadaye, na jambo lililonishangaza ni jinsi yalivyokuwa makavu. Hakuna aliyeandika shairi la machozi. Mpiga kengele aliandika: "Amefungiwa. Nani yuko Beirut? Nani ana nakala ya kitambulisho chake? Nani yuko karibu na mama yake?" Marafiki zangu wa dhati, wale tuliokuwa tukigawana sabuni, wengi walituma viganja vya maombi na kuishia hapo. Walioinuka walikuwa wasichana wa dawati la nyuma ambao sikuwa nimewapigia simu kwa miaka kumi. Sijui kwa nini inakuwa hivyo, lakini nimeona jambo hilo likijirudia tangu wakati huo, na siku hizi mtu akiwa matatani sianzi kwa rafiki zake.

Hali yao ilikuwa hivi. Mpiga kengele alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi Kawangware. Shule ziliamriwa kufungwa Machi 15, mshahara ukakatika mwezi uliofuata, naye alikuwa akikaanga mandazi karibu na steji ya 46. Aliyekuwa mweka hazina wa Umoja wa Wakristo alikuwa akiuza mitumba soko la Kangemi, na wanunuzi wamepotea. Mwingine, aliyekuwa msimamizi wa maktaba, alikuwa akiwauguza wazee Minnesota, saa nane nyuma yetu, akijibu jumbe alfajiri yetu kabla hajalala. Orodha ya mchango ilianzishwa kwa mtindo tunaoujua sote: unanakili, unaongeza jina lako na kiasi, unabandika tena. Mia mbili. Hamsini. Elfu moja, ahadi. Minnesota, dola mia tatu. Kuna aliyeandika "nauli ya mtu mmoja kwenda mjini na kurudi", na mweka hazina akaiweka kwenye hesabu kama ilivyo, kwa sababu nauli hiyo ilihitajika.

Bila pasipoti, nilihitaji hati ya dharura ya kusafiria, na ili kuipata ilibidi kuthibitisha kwamba mimi ni Mkenya. Karatasi zangu zilikuwa kwa mama, ndani ya sanduku la bati nililoenda nalo kidato cha kwanza, na ufunguo ulikuwa umepotea zamani. Mweka hazina alilivunja kwa nyundo ya fundi viatu. Ndani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho na cheti cha KCSE. Mpiga kengele alizibeba mjini akiwa amevaa barakoa aliyoishona mwenyewe. Alianzia Jumba la Nyayo, kwenye idara ya uhamiaji, akavuka kwenda Harambee Avenue iliko wizara ya mambo ya nje, akapitia ofisi nyingine ambayo sitaitaja, ambako aliambiwa arudi na mzazi, kwa kuwa yeye si jamaa yangu. Akawaambia alilala kitanda kimoja cha ghorofa na mimi miaka minne. Haikusaidia. Kesho yake akarudi na mama, wakiwa wamepanda matatu iliyobeba nusu ya abiria kwa bei maradufu, kama ilivyokuwa enzi za korona.

Alichokifanya pale ni kitu ambacho mama peke yake asingeweza. Kila alipofika aliandika jina la aliyemhudumia, chumba, saa, na alichoambiwa, akapiga picha ya karatasi na kuituma kundini. Mtu wa ofisi ya pili alipodai hakuna kumbukumbu, alionyeshwa. Huo ndio mtindo wake tangu shuleni. Kengele haikuwahi kuchelewa.

Upande wa Beirut, aliyejitokeza ni msichana ambaye tuligombana kidato cha pili kwa sababu ya ndoo, tukanuniana hadi mtihani wa mwisho. Alikuwa ametoroka kwa mwajiri wake zamani, akiishi Bourj Hammoud na kufanya vibarua vya siku. Baada ya mlipuko, jiji zima lilitaka watu wa kuzoa vioo, na mawakala walikuwa wakikodisha wanawake kwa siku. Alivaa nguo nzuri za kuazima, akaja na karatasi ya Kiarabu na pesa mkononi, akasema ametumwa na madam wake kuchukua msichana mmoja wa kusafisha. Akapita akitukagua kama mtu anayechagua ng'ombe. Akanionyesha kwa kidole. Nilitoka na ndoo na ufagio, na sikurudi tena. Kodi ya siku moja ililipwa na mchango wa Kangemi.

Baadaye nilijiunga na Wakenya waliokuwa wamepiga kambi mwezi huo nje ya ofisi ya konseli wa heshima wa Kenya mjini Beirut, wakiomba kurudishwa nyumbani. Kenya haikuwa na ubalozi kamili Lebanon. Shughuli zilisimamiwa kutoka Kuwait. Wengi pale walikuwa na shida ile ile ya kuthibitisha wao ni nani. Mimi nilikuwa na faili nzima kwenye simu ya mwenzangu. Ruhusa ya kutoka nchini, kipimo cha korona ambacho Kenya ilitaka kiwe cha ndani ya saa 96, tiketi ya kupitia Addis Ababa: sitavichosha vichwa vya watu. Mwisho wa Septemba nilikuwa Kangemi, na begi moja.

Watu husimulia kana kwamba ushuhuda unaisha uwanja wa ndege. Kwangu kazi ndiyo ilianzia hapo. Kurudi mikono mitupu katika mtaa ambao ulikufanyia sherehe ya kukuaga si jambo dogo. Nilikuwa nikitoka nyumbani gizani ili nisikutane na majirani. Waiyaki Way ilikuwa inachimbuliwa kwa ajili ya barabara ya juu, na Novemba ile nchi nzima ilizungumzia mti mmoja wa mugumo pale Westlands uliookolewa kwa amri ya rais. Nilifikiria kwamba mti una bahati, hakuna anayeuuliza ulileta nini.

Mweka hazina alinipa kona ya meza yake sokoni na kunitaka nipange sweta kwa saizi. Nilipomwambia nataka kuwalipa wote, shilingi kwa shilingi, alinionyesha uamuzi wa kundi: pesa hazirudishwi, miguu inarudishwa. Yaani mimi sasa ndiye wa kwenda mjini.

Ndivyo nilivyobadilika. Nilikuwa mtu wa kungoja kuitwa. Sasa najua ni dirisha gani linafunguliwa saa ngapi. Kila anayesafiri kutoka darasa letu, na sasa wadogo zake na majirani zake pia, ananiachia nakala ya pasipoti, mkataba, jina na namba ya mwajiri, na picha ya ofisi ya wakala pamoja na bango lake, maana ofisi hizi huhama usiku. Nakala ya pili anapewa mtu mwingine wa darasa, asiye ndugu yake, kwa sababu ndugu hulia kwanza. Na kila mmoja anachagua jambo la shuleni ambalo mgeni hawezi kulibahatisha. Tumetumia utaratibu huo kwa msichana wa Riyadh na kwa mlinzi wa Doha, mume wa mwenzetu. Wa Riyadh alirudi. Wa Doha alilipwa alichodai na akaamua kubaki.

Benki Kuu hutangaza kila mwezi pesa ambazo Wakenya wa ng'ambo wametuma nyumbani. Mwaka wa 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Sijawahi kuona takwimu ya zile zinazotoka Kawangware kwenda kumnusuru aliyekwama, na nadhani ingetusaidia kuzungumza ukweli kuhusu biashara hii ya kupeleka wafanyakazi ng'ambo.

Mwaka jana msimamizi wa maktaba wetu, yule wa Minnesota, alinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kiasi kikubwa kuliko wote katika kila orodha, na nadhani sote tulikuwa tumezoea kumwona kama benki. Akiulizwa alijibu "niko sawa" na kibonzo cha kucheka. Mpiga kengele hakuridhika. Akamwandikia swali moja: chakula kikoje? Tiki zikageuka bluu. Jibu lilikuja asubuhi yetu: "Jumatano."

Alikuwa ameumia mgongo akimnyanyua mgonjwa, hana zamu, kodi ya nyumba imelala miezi miwili, na aliona haya kuwaambia wauza mandazi. Orodha ikabandikwa. Mia mbili, hamsini, elfu moja, ahadi. Ilipogeuzwa dola haikufika hata robo ya kodi, na kundini ukazuka ubishi mkubwa kama itumwe kwa M-Pesa Global au tumpe jamaa anayesafiri, ili tusikatwe ada. Ilitumwa. Aliandika kwamba hastahili, kwamba anajua tulivyo. Mweka hazina akamjibu atume risiti.